Nani Aliukausha Mti? Miujiza na Ushahidi Wake katika Nchi ya Usukuma

Kamati ya maadhimisho iliponijia kuniomba makala ya historia kwa ajili ya kitabu hiki, nilidhani ningetakiwa kuandika juu ya maduka ya mwanzo, magunia ya pamba na familia zilizofika huku zikiwa na sanduku moja la bati. Wapo wanaoyajua hayo kuliko mimi. Mimi ni jirani tu, mwalimu mstaafu wa historia, ambaye kwa miaka mingi nimealikwa kula vitamu vya Diwali pamoja na ndugu zetu wa hekalu. Niliomba badala yake ruhusa ya kuandika juu ya ubishi uliozuka barazani pa hekalu jioni moja ya sikukuu hiyo, kwa kuwa tangu siku ile haujanitoka moyoni.

Mzee mmoja wa Kisukuma alikuwa akisimulia habari za Mwanamalundi. Kijana mmoja, mwenye karasha la kusagia mawe hapa Nyarugusu, akacheka. "Mzee wangu, mtu aunyooshee mti kidole, mti ukauke? Nani aliona?" Mzee akanyamaza, kama wanyamazavyo watu wazima wanapovunjiwa heshima mbele ya hadhara. Aliyejibu ni Ba, bibi ambaye sote, Wahindu kwa Wasukuma, twamwita kwa jina hilo. "Mwanangu," akasema, "mimi nilimwona Ganesh akinywa maziwa. Kijiko nilikishika kwa mkono huu." Kijana, ambaye ni Mhindu wa hekalu hilihili, akaona haya kidogo, lakini hakurudi nyuma. "Ba, ile nayo ilikuwa fizikia."

Baraza likagawanyika. Nilichokiona, nami nikakitia akilini, ni kwamba wengi walioamini habari ya maziwa hawakuamini habari ya mti, na wengi walioamini mti waliguna waliposikia maziwa. Kila mmoja alidai kwa mwenzake ushahidi ambao hakuwahi kuudai kwake mwenyewe.

Tuanze na mti, kwa kuwa ni wa kwetu. Mwanamalundi, au Ng'wanamalundi kama Wasukuma watamkavyo, hakuwa mtu wa ngano. Jina lake lilikuwa Igulu Bugomola. Hilo la pili alipewa kwa ajili ya urefu wa miguu yake. Alikuwa bingwa wa ngoma katika nchi ambayo ngoma ni mashindano, na mashindano ni dawa. Atakaye kuelewa jambo hilo na aende Bujora, karibu na Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, akaone jinsi vyama vya Bagika na Bagalu vilivyoshindana kwa mitindo, kwa nyimbo na kwa mizizi ya kuvutia watazamaji. Mchezaji aliyevuta umati alihesabiwa kuwa ana dawa kali, na dawa kali ikazaa sifa, na sifa ikavuta umati mwingine. Mwanamalundi alifariki mwaka 1936. Maana yake ni kwamba mimi, nilipokuwa mtoto, niliweza kukutana na watu waliomwona akicheza.

Yasimuliwayo juu yake yanajulikana kila mahali kuanzia Kwimba hadi Kishapu: kwamba aliinyooshea miti kidole ikakauka, kwamba Wajerumani walimkamata kwa kuogopa nguvu zake, kwamba kifungo hakikumweza. Wengine huongeza kwamba alitembea juu ya maji. Msomaji ataona kwamba habari hizi hazina uzito mmoja. Kwamba palikuwa na mtu huyo, kwamba aliwavuta watu, kwamba serikali ya kikoloni haikupenda mtu yeyote mwenye uwezo wa kukusanya umati: hayo hayana shida, na yanalingana na tabia ya utawala ule mahali pengine. Kwamba alitoka kifungoni ni jambo linalowezekana kwa njia nyingi, nyingine zikiwa za kawaida kabisa. Kwamba mti ulikauka kwa kidole ni habari ya namna ya tatu.

Kijana wetu aliuliza, "Nani aliona?" Wapo watakaokuonyesha mti wenyewe. Nilipokuwa nikifundisha, mwanafunzi mmoja aliniletea kipande cha ukuni akaniapia kwamba ni cha mti wa Mwanamalundi. Nilikipokea kwa adabu. Ulikuwa ukuni mkavu, hilo sina ubishi nalo. Lakini mti mkavu hausemi nani aliukausha. Shinyanga ni nchi ya ukame, mchwa na moto wa nyika, na zaidi ya hayo, miaka ileile ya uhai wa Mwanamalundi ndiyo miaka ambayo wananchi wa Shinyanga waliitwa kwa maelfu kufyeka mapori ili kumfukuza mbung'o, chini ya mpango wa Charles Swynnerton, Mwingereza aliyeongoza utafiti wa mdudu huyo. Mti ukivuliwa gome kuzunguka shina hukauka ukiwa wima, nao husimama hivyo kwa miaka. Miti iliangamia kiasi kwamba mwaka 1986 serikali ililazimika kuanzisha mpango wa HASHI wa kuirudishia Shinyanga uoto wake, na wazee wakarejea kutenga ngitili kama zamani. Sisemi kwamba haya yanamkanusha Mwanamalundi. Nasema kwamba katika nchi yenye miti mikavu mingi namna hiyo, mti mkavu ni shahidi dhaifu. Shahidi wa kweli angekuwa mtu: aliyekuwapo, aliyeuona mti ukiwa mbichi asubuhi, na akauona tena.

Hapo ndipo suala linapohama kutoka kwenye muujiza na kuingia kwenye ushuhuda wa binadamu, na hapo ndugu zetu wa hekalu wana hazina ambayo nadhani wengi wao wameisahau. Wanafalsafa wa Kihindu wa madhehebu ya Nyaya walijadili kwa karne nyingi njia ambazo mwanadamu hupata kujua, ambazo waliziita pramana. Walizitaja nne: kutambua kwa hisi, kukisia kutoka dalili, kulinganisha, na shabda, yaani neno la mtu anayestahili kuaminiwa. Wapinzani wao, Wacharvaka, waliikataa hiyo ya nne na hata ya pili: ambacho jicho halijakiona, hakijulikani. Wananyaya wakajibu kwamba mtu wa namna hiyo hataweza hata kujua baba yake ni nani. Lakini hawakulikubali kila neno. Walitaka msemaji awe amekijua kitu chenyewe, na awe na nia ya kukisema kama alivyokijua. Mfafanuzi wao wa kale, Vatsyayana, akaongeza jambo ambalo mimi, jirani asiye Mhindu, nilipolisoma nilisimama: kwamba kipimo hicho ni kimoja kwa mwonaji mtakatifu, kwa mwungwana na kwa mgeni wa kabila jingine. Mzee wa Kisukuma barazani, kwa kipimo hicho, anasikilizwa sawasawa na Ba. Na wote wawili wanaulizwa maswali yaleyale.

Ulaya nako walibishana. Mwaka 1748 Mskoti David Hume aliandika kwamba ushuhuda wa muujiza ukubaliwe pale tu ambapo uongo au kosa la shahidi lingekuwa jambo la ajabu kuliko muujiza wenyewe. Ni kipimo kikali, nami kwa sehemu kubwa nakikubali. Hata hivyo Hume mwenyewe aliona ugumu wake, kwa maana alimtaja mwana wa mfalme wa Kihindi aliyekataa kuamini habari za barafu kwa sababu kwao hakukuwa na baridi. Alimwona mtu huyo kuwa alifikiri sawa, ingawa alikosea.

Miaka 100 baadaye mambo yaligeuzwa, tena hapa kwetu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona Kilimanjaro ukiwa na weupe kileleni, akaandika kwamba ni theluji. Huko London mwanajiografia William Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga pwani yetu, alimdhihaki: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Mhindi wa Hume aliikataa barafu kwa sababu ya joto la kwao. Cooley aliikataa kwa sababu ya vitabu vyake. Kilichomaliza ubishi si kuheshimika kwa Rebmann bali ukweli kwamba mlima haukuondoka. Von der Decken alifika mwaka 1861, akarudi 1862, akapanda, akaikuta. Nalisimulia hili kwa kuwa kijana mwenye karasha alidhani kutoamini ni usalama. Asiyeamini chochote naye hukosea, ila makosa yake hayaonekani haraka.

Sasa maziwa. Tarehe 21 Septemba 1995, kabla ya mapambazuko, habari ilianzia Delhi kwamba sanamu ya Ganesh imepokea maziwa kutoka kijikoni. Kabla ya jua kuchwa ilikuwa imezunguka dunia kwa simu, na mahekalu ya London, kuanzia Southall, yalijaa watu wenye vyungu na vijiko. Ba alikuwa huko kwa mwanawe. Wataalamu waliotumwa na Wizara ya Sayansi ya India walitia rangi katika maziwa, wakaonyesha kwamba ngozi nyembamba ya kimiminika huvutwa na jiwe au chuma kinachogusana nacho, kisha hutiririka chini kama utando usioonekana kirahisi. Maziwa meupe juu ya marumaru nyeupe hayaonekani. Maziwa yenye rangi huonekana.

Kwa maoni yangu maelezo hayo yanatosha kuhusu njia ya maziwa. Lakini tazama uzuri wa tukio hilo kwa mwanahistoria. Tuna tarehe, tuna mashahidi walio hai wasiohesabika, na tuna jaribio lililofanyika wakati uleule. Mwanamalundi hana hata kimoja kati ya hivyo, naye bado anasimuliwa kwa uhakika mkubwa zaidi. Muujiza wenye ushahidi mwingi ndio uliopata maelezo ya kawaida, na ule usio na ushahidi ndio uliobaki salama. Kinjikitile Ngwale yuko upande huo wa pili: wazee waliohojiwa na akina Gwassa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960 walisimulia jinsi alivyoingia majini Ngarambe akatoka kesho yake akiwa mkavu. Ni masimulizi yaliyochelewa miaka 60. Lakini dawa yake ilijaribiwa mchana kweupe. Tarehe 30 Agosti 1905, huko Mahenge, watu walizikabili bunduki za rashasha wakiamini risasi zitageuka maji. Hazikugeuka. Mwenyewe alikuwa amekwisha kunyongwa huko Mohoro siku ya 4 ya mwezi huo. Vita hivyo na njaa iliyofuata viliua watu wanaokadiriwa kati ya 75,000 na 300,000. Maji hayakuthibitika, imani juu ya maji ni mojawapo ya mambo yaliyothibitika kuliko yote katika historia ya nchi hii, kwa kuwa iliyaunganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana pamoja.

Wazee wetu wa Usukuma hawakuwa watu wa kuamini ovyo, kama wengine wanavyodhani. Ntemi alihesabiwa kuwa mwenye mvua, na mvua ikikataa aliweza kuvuliwa utemi. Huko nako ni kudai ushahidi! Kasoro ilikuwa katika namna ya kupima. Mvua, hata ichelewe vipi, mwishowe hurudi. Basi ntemi akiondolewa na mvua ikaja, ilionekana kwamba ni kweli yeye ndiye aliyekuwa ameifunga. Kipimo ambacho jibu lake ni moja siku zote si kipimo, hata kikirudiwa kwa miaka 200.

Kikombe cha Samunge, Loliondo, tunakikumbuka sote, na sitakaa nacho sana. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alitoa dawa ya mzizi kwa shilingi 500, akisema aliagizwa na Mungu katika ndoto. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na ya kutoka kanda hii ya ziwa yakiwamo. Shuhuda zilizotangazwa zilitolewa na watu waliokunywa jana au juzi. Waliofia foleni, na walioacha dawa za hospitali kisha wakafa kimyakimya majumbani, hawakurudi kushuhudia. Anayehesabu waliopona bila kuhesabu makaburi atapata muujiza katika dawa yoyote.

Namna hiyohiyo ya kuhesabu ndiyo inayotuletea aibu sisi wa nchi ya dhahabu, na hapa siandiki tena kwa utulivu wa darasani. Mchimbaji hashawishiki kirahisi juu ya jiwe. Haliamini kwa rangi wala kwa kiapo cha mwenye duara. Atalisaga, ataliosha kwenye mwalo, atatia zebaki, atachoma, kisha atapima. Sonara wa Kihindi naye ana jiwe lake jeusi la kusugulia dhahabu, ambalo kwa Kigujarati huitwa kasoti, na neno hilohilo ndilo lenye maana ya mtihani. Lakini mchimbaji huyuhuyu, duara likimnyima, atamwamini mganga kwa neno tupu. Watu wengi wakienda kwa mganga, mmoja au wawili watapata mkanda wa dhahabu, kama ambavyo wangepata bila yeye. Hao ndio watakaosimuliwa kijiweni. Waliofilisika watakuwa wamekwisha kuhama, na hakuna awahesabuye.

Kama hasara ingekuwa fedha za mchimbaji tu, ningeliacha jambo hili lipite. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 kanda yetu ilijulikana duniani kwa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyofanywa kwa madai kwamba viungo vyao huleta mali migodini na ziwani. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu wanaume 3 adhabu ya kunyongwa kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa Bukombe, wilaya ambayo leo imo katika mkoa wetu wa Geita. Kabla ya hapo na baada yake, wanawake wazee wamekatwa mapanga kwa ushahidi wa macho mekundu. Macho hayo yana maelezo ambayo kila aliyelelewa katika nyumba ya Kisukuma anayajua: moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe jikoni, kwa miaka 50 na zaidi. Walikuwa wametupikia.

Kwa hiyo sioni kwamba mti wa Mwanamalundi, maziwa ya Ganesh na jicho jekundu la bibi yapimwe kwa mkono mmoja mlegevu, eti kwa kuwa yote ni imani. Ba anaposema alimwona Ganesh akinywa, hakuna anayedaiwa chochote. Mzee anaposimulia habari za Mwanamalundi, anatuachia mtu wa kujivunia, aliyewapa wakoloni wasiwasi. Ushuhuda wa namna hiyo naupokea kama nilivyoupokea ule ukuni, kwa adabu, nikiuandika kama ulivyosemwa. Lakini neno la ghaibu linapomtaja mtu mwingine, likataka mwili wake au nyumba yake, basi hata ushahidi wa mashahidi 10 usingetosha, na sijawahi kusikia lililoletwa hata na mmoja aliyetimiza sharti la Vatsyayana.

Nilimwambia kijana mwenye karasha hayo yote, pengine kwa urefu kupita kiasi. Alisikiliza, kisha akaniuliza swali lililonishinda: kama mambo ndiyo hayo, kwa nini wewe, mwalimu, hukuwahi kumhoji hata mmoja wa wale wazee waliomwona Mwanamalundi? Ni kweli. Nilikuwa nikifundisha Vita vya Maji Maji kutoka kitabuni, na walio hai walipita dirishani wakienda kuchota maji. Sasa wamekwisha. Waliobaki ni wale waliosimuliwa na wao, nao wanapungua.

Tumeanza kuandika, basi, mimi na kijana huyo. Kamati imetupatia daftari kubwa, linakaa hekaluni, na aliye na habari, awe Mhindu, Msukuma, Mzinza au Msumbwa, anakaribishwa jioni baada ya arati. Tunaandika maswali manne kwa kila habari: wewe mwenyewe uliona au ulisikia, kwa nani, lini na mahali gani, na nani mwingine alikuwapo. Yule mzee wa barazani ndiye wa kwanza. Alikataa kusema kwamba baba yake aliona mti ukikauka. Baba yake, alisema, aliiona ngoma tu, na watu walikuwa wengi mno hata hakuweza kusogea mbele.

Ba alikuwa wa pili. Alitaja tarehe, hekalu, jina la jirani aliyesimama kuliani kwake, na kwamba kijiko kilikuwa cha chuma. Nilipokwisha kumsomea nilichoandika, akaniambia ninyanyue tena kalamu. "Andika pia," akasema, "kwamba nilijaza kijiko mara ya pili, na mara ya pili hakunywa."